Sarafu Kuukuu na Mizani ya Sonara

Sarafu ya dhahabu ikipatikana katika kasha la marehemu bibi, hapa Mtwapa au kwingineko mwambaoni, wengi wetu hukimbilia kwa sonara. Huitia mizanini, akataja bei ya gramu, na punde sarafu ikayeyushwa iwe herini. Sonara hana lawama, kwani kazi yake ni kupima uzito. Kosa ni letu sisi tunaodhani kwamba uzito ndio thamani.

Tuwatazame Wamarekani. Sarafu yao ya dola 20, iliyobuniwa na mchongaji Augustus Saint-Gaudens, ilipigwa tangu 1907 hadi 1933, kila moja ikiwa na gramu 30 hivi za dhahabu safi. Za mwaka 1924 zipo tele, na bei yake aghalabu haiachani mno na bei ya dhahabu iliyomo. Za 1933 ziliyeyushwa karibu zote, baada ya Rais Franklin Roosevelt kuwaamuru raia warejeshe dhahabu serikalini. Moja iliyonusurika iliuzwa New York mwaka 2021 kwa takriban dola milioni 18.9. Uzito ni ule ule. Kilichozidi ni uchache na historia.

Hata kwetu Afrika Mashariki mfano upo. Mwaka 1916, Wajerumani waliobanwa na vita walipiga rupia 15 za dhahabu mjini Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zina picha ya tembo na mlima nyuma yake. Zilipigwa 16,000 hivi tu. Dhahabu safi iliyomo ni gramu tano na ushei, lakini wakusanyaji hulipa zaidi sana ya bei ya dhahabu hiyo.

Mthamini wa sarafu hutazama mwaka, alama ya mahali ilipopigwa, idadi iliyosalia na kiasi cha uchakavu, tena huhakikisha si bandia. Anayeisugua ili ing'ae huipunguzia thamani, maana mikwaruzo haifutiki.

Isitoshe, sheria ya mwaka 2006 kuhusu makavazi na turathi za kitaifa huhesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na havitolewi nje bila kibali. Rupia ya fedha ya 1888 yenye jina la Mombasa inalindwa hivyo. Ile ya Tabora haimo. Mlinzi wake ni busara ya mwenyewe. Ama kinachookotwa kwenye magofu kama Jumba la Mtwana, hapana budi makavazi yaarifiwe.

Lugha yetu imekuwa na uaminifu kutushinda. Imehifadhi neno hela, litokanalo na heller ya Wajerumani, na pesa, litokanalo na paisa ya Kihindi, ilhali sarafu zenyewe tunaziachia tanuru. Yafaa wataalamu wa makavazi walioko Fort Jesus watenge siku maalumu, wananchi wapeleke sarafu zao zikaguliwe bila hofu ya kunyang'anywa. Hadi hapo, mwenye nayo na aioneshe kwa mjuzi kabla hajaipeleka kwa sonara.