Uchaguzi wa Programu za Kuchorea Picha za Michezo ya Kufundishia

Kila mwaka, zinapokaribia wiki za kutengeneza zana, wanachuo hutujia na swali moja: ni programu ipi ya kompyuta iliyo bora kwa kuchorea picha za michezo ya watoto? Swali hili aghalabu huulizwa kwa namna inayoonyesha kuwa muulizaji amekwisha kulisikia jibu mahali pengine, naye ataka tumthibitishie tu. Amesikia kwamba wachoraji wa michezo mikubwa ya Marekani na Japani hutumia programu fulani; basi naye aitaka hiyo hiyo, ijapokuwa mchezo anaokusudia kuutengeneza ni wa kuwasaidia watoto wa darasa la kwanza kutofautisha silabi "ba" na silabi "da".

Maoni yetu ni kwamba swali hilo limeanzia mwisho. Katika vyuo vya ualimu tumezoea kufundisha kuwa zana hufuata somo. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu anayenunua kwanza karatasi za manila, kisha akaanza kutafuta somo litakalozimaliza. Lakini tukifika mbele ya kompyuta, kanuni hiyo twaiacha mlangoni pamoja na viatu.

Yafaa tutoe mfano uliotupata sisi wenyewe, ingawa hautuletei sifa. Miaka michache iliyopita tulisimamia kikundi cha wanachuo waliotengeneza mchezo wa kuhesabu. Katika mchezo huo alikuwapo mama muuza maembe, na mtoto alitakiwa kumpangia maembe yake mafungu mafungu, kila fungu kwa idadi iliyoandikwa kwenye kibao. Picha zilikuwa nzuri mno. Zilichorwa kwa programu ya kulipia, lakini nakala yenyewe haikulipiwa: ilikuwa imevunjwa kufuli lake na kuuzwa kwa shilingi chache na mtu aliyezunguka na flashi yake mfukoni. Sisi wasimamizi tulilijua jambo hilo, tukanyamaza.

Mchezo ulipopelekwa katika shule ya mazoezi, mwalimu wa darasa alituomba jambo dogo. Tarakimu za kwenye kibao zikuzwe, maana watoto waliokaa nyuma hawakuziona. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Kumbe wakati huo kompyuta iliyotumika ilikuwa imekwisha kushambuliwa na virusi, na fundi ameifuta yote. Faili za michoro tulikuwa nazo, lakini zilihifadhiwa katika muundo wa programu ile peke yake, na kila programu nyingine tuliyojaribu ilizifungua kombokombo: matabaka yamechanganyika, maandishi hayapo. Tulibakiwa na zile picha zilizokwisha kubanwa kuwa tabaka moja, tarakimu zikiwa zimegandamana na kibao, na kibao kimegandamana na mkono wa mama. Hatukuweza kukuza hata tarakimu moja. Mchezo ukaachwa. Mwanachuo mmoja alituuliza baadaye tungewachukulia hatua gani watoto ambao wangekamatwa na vitu vya wizi madarasani mwetu. Jibu tulilompa halikumridhisha, wala sisi halikuturidhisha.

Tangu siku ile tumeyapanga upya maswali yetu. La kwanza twauliza: picha hii itaonekana kwa ukubwa gani, na mtoto atatakiwa kuona nini ndani yake? Wanachuo wetu wengi huunda michezo yao kwa Scratch, programu iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ambayo ikishawekwa katika kompyuta hutumika hata pasipo intaneti. Jukwaa la Scratch lina upana wa pikseli 480 na kimo cha pikseli 360. Hizo ni pikseli 172,800. Kila pikseli yahitaji baiti 4, yaani tatu za rangi na moja ya uwazi. Kwa hiyo picha inayojaza jukwaa lote huchukua baiti 691,200 katika kumbukumbu ya mashine. Sasa mwanachuo aliyeambiwa kwamba picha kubwa ndiyo picha bora hufungua karatasi ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Hizo ni pikseli milioni 12, sawa na baiti milioni 48, karibu mara 70 ya mahitaji. Naye hachori kwenye tabaka moja, bali kumi. Kompyuta ya chuo yenye kumbukumbu ndogo hulemewa, kipanya huanza kukokota, na mwanachuo hulalamika kwamba programu za bure ni dhaifu. Hatimaye picha hupunguzwa ili ienee jukwaani, na zile kope za mama muuza maembe zilizochorwa unywele kwa unywele kwa jioni mbili hutoweka zote.

Twashauri kuchora kwa ukubwa maradufu ya ule utakaoonekana, si zaidi. Karatasi ya 960 kwa 720 yatosha kabisa kwa mandhari ya Scratch. Pia yafaa ikumbukwe kwamba Scratch yenyewe ina sehemu yake ya kuchorea, na kwa mchezo wa silabi huenda mwanachuo asihitaji kitu kingine chochote. Tumeona wengi wakiipita sehemu hiyo kwa dharau bila hata kuijaribu.

Baada ya ukubwa huja tabia ya mchoro. Programu za kuchorea ni za namna mbili kubwa. Namna ya kwanza huhifadhi picha kama kazi ya ushanga: kila kitone na rangi yake, na ukiikuza mno utaona ushanga mmoja mmoja. Namna ya pili, ya vekta, haihifadhi vitone bali maelezo ya mistari, yaani mstari huanzia wapi, hupinda vipi na huishia wapi. Mchoro wa namna hii waweza kukuzwa ukajaza ukuta bila kuharibika. Katika michezo ya shule za msingi vitu vingi ni vya kuhesabiwa, kupangwa na kulinganishwa: maembe, vijiti, pembetatu, herufi, nyumba. Kwa vitu hivyo sisi twapendelea vekta, na programu tunayoitumia ni Inkscape, iliyoanza mwaka 2003 na ambayo hutolewa bure. Mtu asiye na kalamu ya kielektroniki hapati tabu nayo sana, kwa kuwa mstari huundwa kwa kuweka nukta na kuzivuta, kazi ambayo kipanya huiweza. Tena ina jambo moja la manufaa makubwa kwa mwalimu wa hisabati. Ukishachora embe moja waweza kulizalisha kwa namna ambayo nakala zote hulifuata embe mama. Ukibadili rangi ya lile la kwanza, yote 20 hubadilika pamoja.

Vekta hata hivyo haina mkono wa brashi. Mandhari ya soko wakati wa asubuhi, majani baada ya mvua, ukuta wa udongo uliopasuka, vyote hivyo vyataka programu ya kupaka rangi hasa. Hapo twaitumia Krita. Jina lake ni neno la Kiswidi lenye maana ya chaki, nasi kama walimu hatukuweza kulichukia. Nayo hutolewa bure, msimbo wake uko wazi, na hufanya kazi katika Windows, Linux na kompyuta za Mac. Kwa mchoraji wa michezo ina hali moja ya kuchorea ambamo ukingo wa kulia huungana na wa kushoto, na wa juu huungana na wa chini. Mstari ukitokea upande mmoja huingilia upande wa pili. Kipande kidogo cha nyasi kilichochorwa hivyo chaweza kurudiwa mara mia jukwaani bila mtu kuuona mshono. Kabla ya kuijua hali hiyo tulikuwa tukizificha alama za maungio kwa kuchora mawe juu yake, hata uwanja wetu ukawa na mawe mengi kuliko machimbo.

Wapo wakufunzi wanaowapa wanachuo GIMP kwa kazi zote. Programu hiyo ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na twaiheshimu. Lakini kazi inayoifaa zaidi ni kurekebisha picha iliyokwisha kuwapo: kukata, kusafisha, kutoa mandhari ya nyuma ya picha iliyopigwa kwa simu. Kumpa mwanachuo GIMP ajifunzie kupaka rangi kwa brashi ni kama kumpa kisu cha jikoni achongee kinyago. Ataweza, ila atachoka mapema.

Tumepata kujibiwa kwamba ushauri huu wawafungia vijana njia ya ajira. Kijana anayetaka kufanya kazi katika kampuni ya michezo, husemwa, lazima aijue Photoshop. Hoja hii haipuuziki. Photoshop ilitolewa mwaka 1990, na nafasi yake katika kazi za picha ni kubwa. Lakini tangu mwaka 2013 matoleo yake mapya hupatikana kwa ada inayolipwa mfululizo, na ada ikikoma, na programu imekoma. Procreate, iliyobuniwa Australia, hulipiwa mara moja tu, lakini yataka iPad. Clip Studio Paint ya Japani hupendwa na wachoraji wa katuni, nayo ni ya kulipiwa. Anayeweza kulipa kwa haki na alipe, hatuna neno. Ila twasisitiza kwamba matabaka ni matabaka popote yalipo. Na aliyekwisha kujua kutenga mistari na rangi, kuchagua eneo na kulifunika, na kuipa brashi wororo au ugumu, hubadili programu kwa majuma machache. Tena tukumbuke kwamba wengi wa wanaosoma ukurasa huu watapangiwa shule za msingi, na watakaoirithi kazi yao ni walimu wenzao wasio na ada wala iPad.

Na wako wasio na kompyuta kabisa, bali simu. Hao hatupendi kuwasahau. Krita ipo pia kwa vifaa vya Android, lakini haikuandaliwa kwa kioo kidogo cha simu. Tumeona kazi njema zikifanywa kwa ibisPaint, ambayo hupatikana bure kwa masharti ya kuvumilia matangazo. Mwenye simu achore vitu kimoja kimoja, si mandhari nzima, na azingatie jambo moja: picha ya kitu kitakachotembea jukwaani ihifadhiwe katika muundo wa PNG, si JPEG. JPEG haina uwazi. Embe lako litaingia mchezoni likiwa ndani ya kisanduku cheupe kama picha ya pasipoti. Isitoshe, kila unapoihifadhi upya picha ya JPEG, ubora wake hupungua.

Kuhusu rangi, hatuoni mwalimu bora kuliko kazi ya Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Alichorea vipande vya mraba vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyopatikana. Rangi hiyo haikubali kufifishwa polepole kama rangi za maji. Hukaa bapa, kali, na mpaka wake huonekana. Sasa hiyo ndiyo sifa hasa inayotakiwa katika picha ya mchezo itakayotazamwa na watoto sita kwenye kioo kimoja. Hatusemi kila chui awekewe madoa ya Tingatinga. Uigaji huo nao umetuchosha. Twasema mwanachuo ajaribu kwanza kuchora kwa rangi tano bapa kabla ya kuzifungua brashi mia. Kisha aigeuze picha yake iwe ya kijivu, jambo ambalo programu zote tulizozitaja kwa kompyuta huliweza. Kama embe limepotea ndani ya majani, basi lilikuwa linabebwa na wekundu wake tu, nao wapo watoto, hasa wavulana, wasioutofautisha wekundu na kijani.

Hatimaye kazi ihifadhiwe mara mbili: faili ya kazi yenye matabaka yake yote, na picha iliyokamilika. Kisha faili ya kazi ifunguliwe katika kompyuta ya mtu mwingine kabla ya kuitwa imekwisha. Sisi hatukufanya hivyo.

Muhula huu tumeanza kuuchora upya mchezo wa maembe kwa Inkscape. Maembe yamekwisha, vikapu vimekwisha, na tarakimu zimewekwa katika tabaka lake peke yake, kubwa kama yule mwalimu alivyotaka. Mama muuza maembe bado hana mikono, kwa maana wanachuo hawajaafikiana kama avae khanga au ashike kanzu la bibi yake.