SHAHADA YA MUZIKI: MASWALI MAWILI, USIYACHANGANYE



Ndugu yangu Muislamu, wiki hii baada ya Alasiri alinijia mzee mmoja hapa Kiomboi. Ana ng'ombe wanne na shamba la alizeti. Kijana wake amemaliza kidato cha sita, anataka kwenda chuo kikuu kusoma muziki. Mzee akaniambia, "Shekhe, mwambie ni haramu, yaishe."

Nikamuuliza, "Mzee wangu, angetaka kusoma sheria ungeuza ng'ombe?" Akajibu, "Wote wanne." Nikamuuliza tena, "Na waliosoma sheria wakarudi kukaa bila kazi, huwajui?" Akanyamaza.

Hapo ndipo penye somo la leo. Mzee yule hakuwa anaogopa dhambi. Alikuwa anaogopa umaskini, akataka dini imsemee. Ndugu yangu, maswali ni mawili: je, jambo hili ni halali? Na je, lina faida kwa gharama yake? Kila moja lina jibu lake.

Swali la kwanza, msimamo wangu mnaujua. Jumhuri ya wanazuoni, na madhehebu yetu ya Imam Shafi yakiwemo, wamekataza ala za muziki, na dufu ikapewa ruhusa kwenye harusi na Idi. Wapo wachache walioona vingine, kama Ibn Hazm. Kijana nimemweleza hayo waziwazi. Lakini nikakumbuka kwamba sauti ile niliilea mimi. Ndiye aliyekuwa akiongoza kaswida madrasani, na dufu ya kwanza alishikishwa na mkono huu. Siwezi kumsifu kila Maulidi, kisha nimfokee siku anapouliza sauti yake itamfikisha wapi.

Swali la pili ni hesabu, na ndilo tunalolikimbia. Kumbuka kisa cha yule Answari aliyekwenda kuomba kwa Mtume (S.A.W.). Nyumbani alikuwa na nguo moja na bakuli tu. Mtume akavinadi vikauzwa dirhamu mbili: moja chakula cha familia, moja shoka. Akamwambia akakate kuni, asimwone kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi. Tazama mpango ule: mali iliuzwa, lakini chombo kilijulikana, kazi ilijulikana, na muda ulijulikana.

Sasa mpime kijana wetu kwa kipimo hicho. Muziki unasomeshwa kwa shahada Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hata Makumira kule Arusha. Ada ni sehemu tu ya gharama. Weka chumba, chakula, nauli ya kutoka hapa kila likizo, na miaka mitatu ambayo hatashika jembe. Akikopa Bodi ya Mikopo, siku akiajiriwa sheria inamkata asilimia 15 ya mshahara. Tuseme analipwa laki saba: laki moja na elfu tano inaondoka kila mwezi kabla hajanunua unga. Ile nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyotutia wengi wasiwasi wa riba, Rais Samia aliifuta mwaka 2021. Alhamdulillah. Lakini deni lenyewe lipo, na deni ni jambo ambalo Mtume alikuwa akijikinga nalo kwa Allah.

Na mapato? Vijana wanamtazama Diamond wa Tandale. Yeye hakufika alipo kwa shahada ya muziki. Mwanzoni mwa 2022 Serikali iligawa mirabaha ya wasanii, kama shilingi milioni 312 kwa wasanii zaidi ya 1,100. Gawanya mwenyewe: haifiki laki tatu kwa mmoja, kwa wastani. Wapo wanaopata kazi ya kufundisha, kwa kuwa muziki ni somo la sekondari. Lakini hebu hesabu, shule ngapi unazozijua zina mwalimu wa muziki?

Sisemi shahada hii peke yake ndiyo yenye hasara. Shahada yoyote isiyo na kazi mbele yake ni ng'ombe aliyeuzwa bila shoka kununuliwa. Kosa letu ni kuupima muziki kwa gramu na kuipima sheria kwa magunia.

Kwa hiyo nilimpa kijana kazi. Aandike karatasi moja: gharama zote za miaka mitatu, kazi tatu anazoweza kufanya, na majibu ya watu watatu waliomaliza kozi hiyo, wanafanya nini leo. Kisha aandike upande wa pili: kwa elimu yangu hii, kazi ipi itanilisha bila kunikosesha radhi za Mola wangu? Baba naye nimemwambia aandike karatasi kama hiyo kwa ajili ya sheria anayoitamani yeye.

Ng'ombe hawajauzwa. Ijumaa tutakaa watatu na karatasi zetu.

Wewe mzazi unayesoma hapa, mwanao akija na ndoto, usimfungie mlango kwa neno "haramu" ambalo hujalisoma, wala usimfungulie kwa pesa ambayo hujaihesabu. Kaa naye, mchukue kalamu.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzio.