Kijani ya Uongo Inatumaliza

Wasee, wacha nikiri dhambi yangu kwanza kabla sijawahukumu wengine.

Kuna mathe anauza mitumba Gikomba, nikamtengenezea kaprogramu ka kuhesabu stoki. Kulikuwa na testi moja ya malipo ya simu: ujumbe wa malipo ukiingia mara mbili, mzigo utolewe mara moja tu. Hiyo testi ilikuwa na kisirani. Saa hii inapita, baadaye inaanguka. Nikaiwekea `skip`, nikajiambia nitarudi kesho.

Kesho ikawa miezi minne. Ripoti kijani kila siku, mimi najiona fundi.

Halafu mathe akanipigia. "Kijana wangu, simu yako inasema jinzi zimeisha, na mimi nimezikalia hapa!" Alikuwa ashakopa pesa za chama kununua belo ingine. Testi ilikuwa inasema ukweli: ujumbe mbili zikigongana, stoki inatolewa mara mbili. Mimi ndio nilimfunga mdomo shahidi.

Maoni yangu ni haya: faili la mipangilio ya testi ni sehemu ya programu, lakini tunalitumia kama kapu la taka. Vyombo vyenyewe vinaturahisishia. Chukua Bazel, iliyotoka Google. Kwa faili la BUILD ukiandika `flaky = True`, testi ikianguka inarudiwa, hadi mara 3, na ikipita moja tu haihesabiwi imeanguka. Ukiweka `tags = ["manual"]`, ukiitisha zote kwa `bazel test //...` hiyo inarukwa kimya kimya. Zote zina kazi halali. Shida ni sisi kuziweka na kusahau.

Najua utaniambia mteja anataka kazi Ijumaa. Sawa, ruka testi. Lakini andika hapo hapo sababu, jina la mwenye kuirekebisha, na tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita, irekebishe ama uifute. Testi ambayo haikimbii hailindi mtu, inakupa tu usingizi mzuri.

Na kama testi inaanguka kila mara, usiifiche. Kwa pytest kuna `xfail`; weka `xfail_strict = true` kwa `pytest.ini`. Itaendelea kukimbia, na siku ile itapita, ripoti itageuka nyekundu ndio uondoe hiyo alama. Hapo faili haliwezi kuzeeka bila wewe kujua.

Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo siwaletei lekcha. Nililetewa somo na mathe wa Gikomba, na deni lake la chama nikalipa nusu.

Leo usiku endesha `pytest -rs`. Itakuonyesha kila testi iliyorukwa na sababu yake. Ukipata moja hujui nani aliiruka na kwa nini, anza na hiyo. Pengine ndio ilikuwa inajaribu kukuambia kitu.