Mgeni Aje, Shilingi Ibaki

Ilani ya kuanzishwa kwa harakati ya utalii wa wenyeji, Mandawa, wilayani Ruangwa

Sisi wakulima wa korosho, ufuta na mbaazi. Sisi mama lishe, bodaboda, mafundi cherehani, walimu, na vijana tuliomaliza shule tukarudi nyumbani. Sisi wa Mandawa ya Ruangwa, tusichanganywe na Mandawa ya Kilwa, pamoja na ndugu zetu wa Nachingwea, tunatangaza kwamba tumeanzisha harakati. Shabaha yake ni moja. Kila mgeni atakayefika kusini hii, awe amekuja kutalii, kutazama mpira, kufanya kazi mgodini au kuhudhuria semina, aache fedha mikononi mwa watu wanaoishi hapa, na aziache kwa sababu amenunua kitu tulichokizalisha wenyewe.

Hatuanzishi kikundi cha kungojea wafadhili. Tunajipanga kuuza.

KWA NINI SASA

Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1. Wengi wao walikwenda Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Zanzibar. Sisi wa Lindi tulizisikia habari zao redioni.

Hali hiyo inabadilika. Tangu daraja la Mkapa lifunguliwe katika mto Rufiji mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam haisubiri tena kivuko. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa inayoigusa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Lami ya kutoka Nanganga imefika Ruangwa.

Wageni watakuja. Swali ni watakula nini, watalala kwa nani, na nani atawapokea. Mahali ambapo utalii umeshaota mizizi, mikataba imekwisha kusainiwa na wagavi wanajulikana. Mkulima anayebisha hodi leo huambiwa nafasi imejaa. Kwetu hakuna nafasi iliyojaa. Tumechelewa, na kuchelewa huku ndiko mtaji wetu, mradi tujipange kabla msingi wa hoteli ya kwanza haujachimbwa.

TULIYOJIFUNZA KWA WENGINE

Zanzibar ilipokea wageni 736,755 mwaka 2024. Ni idadi ya kujivunia. Hata hivyo mboga na matunda mengi yanayoliwa katika hoteli za Nungwi na Paje huvuka bahari kutoka bara, na mwanamke anayelima mwani mbele ya hoteli hizohizo anaweza kumaliza mwaka bila kuziuzia kitu. Tatizo halikuwa uhaba wa wageni. Wageni waliongezeka, lakini uhusiano kati ya jiko la hoteli na shamba la jirani haukukua kwa kasi hiyohiyo.

Visiwa vya Karibi vimelipitia jambo hili kabla yetu. Huko wageni wengi hulipia kila kitu wakiwa bado kwao, tiketi, chumba, chakula na kinywaji, kisha hukaa ndani ya ukuta wa hoteli mpaka siku ya kuondoka. Fedha nyingi huzunguka nje ya kisiwa, na kisiwa hubaki na mishahara ya wahudumu na taka. Jamaica ilipochoka na hali hiyo iliunda baraza la kuunganisha utalii na sekta nyingine, na baadaye mtandao ambamo mkulima huona hoteli zinahitaji nini na hoteli huona mkulima ana nini. Somo la Jamaica ni kwamba uhusiano huo haujitokezi wenyewe. Hujengwa kwa makusudi, na kuna mtu analipwa kuusimamia.

Nasi tuna masomo yetu, tena machungu. Mwaka 1947 Waingereza walileta mpango wa karanga. Waliutandaza Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea, wakafyeka misitu kwa matrekta, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuifikia Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Miaka ya mwanzo ya 1960 hata reli iling'olewa. Wataalamu walikuja na kila kitu isipokuwa swali kwa mwenyeji: udongo huu unakubali nini, na mvua yake inanyesha lini?

Kabla ya karanga kulikuwa na kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima hicho cha Lindi. Mamia ya vibarua wa kusini walichimba, wakafunga mizigo, wakaibeba vichwani na mabegani mpaka bandarini. Leo mifupa ile imesimama katika jumba la makumbusho la Berlin, mmoja wa wanyama hao akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, na watu wa mataifa yote wanalipa kiingilio kumtazama. Mwaka 2019 wanasayansi walimpa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina la Wamweracaudia, kutokana na sisi Wamwera. Jina tumepewa. Kiingilio kinalipwa Berlin.

TULIYONAYO HAPA

Wapo watakaosema Ruangwa haina watalii. Timu yetu ya mpira, Namungo, ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, Simba na Yanga zilianza kuja kwetu, na mashabiki nyuma yao. Anayetoka Dar es Salaam kwa mchezo wa dakika tisini analala gesti, anakula mara tatu, anapanda bodaboda, ananunua korosho za kupeleka nyumbani. Huyo ni mtalii kamili. Tujiulize, basi: mayai ya chapati yake yametagwa wapi? Maji ya chupa yametoka mji gani? Korosho anayoipeleka nyumbani imebanguliwa na nani?

Wapo pia wageni wa kinywe. Wilaya yetu ina utajiri mkubwa wa madini hayo, na kambi za wafanyakazi zinataka chakula kila siku ya mwaka. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinaitaka migodi itangulize bidhaa na huduma za nchini. Anayeweza kuilisha kambi ya mgodi bila kukosa siku hata moja, ameshafuzu kuilisha hoteli. Tuanzie hapo.

Tuna historia. Nachingwea ndiko wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walikofunza wapiganaji wao, chini ya Samora Machel, mpaka Msumbiji ikawa huru mwaka 1975. Wazee waliowauzia muhogo vijana wale bado wapo wachache, na simulizi zao hazijaandikwa. Raia wa Msumbiji anayetaka kuona taifa lake lilipoundwa anapaswa kupata mtu wa kumwongoza, na mtu huyo awe mtoto wa hapa.

Tuna msimu wetu. Korosho inasafirishwa, tena sehemu kubwa ikiwa ghafi, ikabanguliwe India na Vietnam. Lakini bibo halisafiri. Likidondoka leo, kesho kutwa limeoza. Anayetaka kuonja juisi ya mabibo mapya, kumuona mama akikaanga korosho, na kula ming'oko iliyochimbwa asubuhi, hana njia isipokuwa kuja. Hii ndiyo bidhaa ambayo Berlin haiwezi kuibeba.

TUNAYOAMINI

Tunaamini kwamba idadi ya wageni si kipimo cha mafanikio. Kipimo ni shilingi ngapi katika kila elfu kumi ya mgeni zimelala kijijini.

Tunaamini kwamba mwekezaji si adui, na si mfalme pia. Ni mteja mkubwa, na mteja mkubwa hupewa bidhaa nzuri na masharti yaliyoandikwa.

Tunaamini kwamba anayeishi na hasara ya wanyamapori ndiye wa kwanza kustahili faida yake. Katika wilaya za Liwale na Nachingwea tembo wamekula mashamba na kuua watu. Kifuta jasho na kifuta machozi vipo kisheria, lakini hakuna aliyejenga nyumba kwa kufutwa machozi. Tunataka kipato cha utalii kimfikie mwenye shamba.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunataka kupona kwenyewe kuonekane katika daftari.

TUTAKAYOFANYA

Tuseme ukweli kuhusu ugumu uliopo. Hoteli haitaki nyanya tu. Inataka nyanya za ukubwa mmoja, kila Jumanne na Ijumaa, kwa uzito ulioahidiwa, na risiti ya EFD juu yake, kisha inalipa baada ya mwezi. Mkulima anataka fedha siku anayopima mzigo, kwa sababu ada ya shule haisubiri. Katika pengo hilo ndipo mchuuzi wa mbali huingia akachukua soko. Ndilo pengo lilelile linalomlisha kangomba, mlanguzi wa korosho: mtu ana njaa, anauza korosho ikiwa bado ua. Tukiingia katika utalii bila kuliziba, tutapata kangomba wa mboga, kangomba wa mayai na kangomba wa vyumba.

Kwa hiyo, kwanza, tutaunda kituo kimoja cha kukusanya, kupanga madaraja na kupeleka mizigo. Utaratibu huu si mgeni kwetu. Kwa miaka mingi tumepeleka korosho na ufuta kwa vyama vyetu vya msingi vya ushirika, AMCOS, tukapewa stakabadhi, mnada ukapigwa kupitia chama kikuu, RUNALI. Tunaujua uzuri wake, na tunajua malipo yanapochelewa inavyouma. Kituo chetu kitakuwa na mfuko wa kumlipa mkulima siku anayoleta, halafu mfuko ndio uisubiri hoteli. Mtaji wake wa kwanza utatokana na michango yetu na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Pili, tutalima kwa kalenda ya mgeni. Watalii hupenda kiangazi, wakati ambao mboga kwetu huadimika. Vikundi vya bustani vitaanzia mabondeni, penye maji, na kila kikundi kitakuwa na zamu yake ya kupanda ili mavuno yasigongane.

Tatu, tutabangua korosho hapa na kuzifunga katika pakiti zenye jina la kijiji, zikianzia gesti za Ruangwa na uwanjani siku za mechi.

Nne, tutafungua vyumba vya wageni katika nyumba zetu, vichache, safi, vyenye neti, choo kizuri na bei iliyobandikwa mlangoni. Vijana watakaotembeza wageni watajifunza historia kwa wazee kabla ya kujifunza Kiingereza.

TUNAYOYADAI

Kwa Halmashauri ya Wilaya: kila kibali cha hoteli, kambi au gesti kubwa kiambatane na mpango wa manunuzi ya ndani ulioandikwa na kusomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Semina za halmashauri zenyewe ziwe mfano. Chai na chakula vinunuliwe kwa vikundi vyetu.

Kwa wawekezaji: tupeni orodha ya mahitaji ya jiko kwa miezi kumi na miwili. Lipeni ndani ya siku thelathini. Kijana wa hapa asiishie ulinzi na usafi. Afundishwe upishi, mapokezi na hesabu, na jina lake liwe katika mpango wa kupanda cheo.

Kwa Serikali na taasisi zake: kusini itangazwe kwa nguvu ileile inayotumika kaskazini. Na Tendaguru ipate kituo chake mkoani Lindi, chenye nakala za mifupa, wataalamu wa hapa na kiingilio kinacholipwa hapa. Mjadala wa kuirejesha mifupa yenyewe una wenyewe. Kituo hakihitaji kuusubiri.

TUSICHOKIUZA

Ardhi ya kijiji tutaikodisha kwa mujibu wa sheria na kwa uamuzi wa mkutano mkuu. Hatutaiuza gizani.

Jando na unyago si onyesho. Ngoma za furaha tutawachezea wageni na watalipa, lakini yanayofundishwa ndani hayana tiketi. Watoto wetu hawapigwi picha kwa peremende, na makaburi hayageuzwi kivutio bila ridhaa ya ukoo.

UONGOZI NA HESABU

Harakati hii haina chama cha siasa. Nusu ya viongozi watakuwa wanawake, maana nusu ya kazi, na zaidi, ni yao. Hakuna kiongozi atakayeuza kwa kituo kwa bei tofauti na ya wanachama. Kila mwezi tutabandika kwenye mbao za matangazo za vijiji mambo matatu: wageni wangapi walikuja, waliacha shilingi ngapi, zilimfikia nani. Hesabu isipobandikwa miezi miwili mfululizo, viongozi wameondoka madarakani bila kupigiwa kura.

WITO

Ndugu mkulima, leta jina lako, ukubwa wa bustani yako na unachoweza kuvuna kila wiki. Usiongeze hata kilo moja ya kujisifu, kwa sababu ahadi ya uongo ya mmoja itatufungia mlango sisi sote. Mama lishe, leta orodha ya vitu unavyonunua kutoka nje ya wilaya, tuone kipi tunaweza kukuuzia. Mwenye gesti, tuambie unanunua mayai wapi na kwa bei gani.

Kazi ya kwanza ni ndogo. Mechi kubwa ijayo ya Namungo nyumbani, mayai, mboga, kuku na korosho katika gesti tutakazokubaliana nazo vitoke kwetu. Baada ya mchezo tutakaa, tutahesabu, na hesabu hiyo itasomwa hadharani, iwe ya faida au ya hasara. Anayekubali aje ajiandikishe.