Kabla ya Bomba la Kelele, Nionyeshe Paipu Zako za Petroli

Wasee, hii itaudhi watu fulani hapa Mombasa na Kilifi, na wengine ni marafiki zangu. Sawa tu. Kila nikiweka video ya jeti-ski yangu ya kusimama, ile Kawasaki 650SX, naambiwa mambo yale yale. "Weka bomba kubwa." "Nyoa kichwa cha silinda kompresheni ipande." "Toa filta iache ipumue." Hakuna hata mmoja amewahi kuniuliza paipu za petroli ni za mwaka gani.

Na wa kulaumiwa kwanza ni mimi, maana nilisikiza. Hii modeli ilitoka 1987, ikaachwa 1993. Yaani hata ile changa kabisa imenizidi umri. Niliinunua kwa mtu wa tatu, nikaona inavuta, mbio nikaenda kutafuta bomba. Pesa ya miezi minne ya kukatakata video za harusi za watu iliingia hapo. Sauti ilikuwa tamu, manze, siwezi kudanganya. Likes zikamiminika.

Wiki ya pili nikatoka nayo kwenye mdomo wa kriki ya Mtwapa. Ilikuwa bamvua na maji yanakupwa, kwa hivyo mkondo wote unatoka nje. Injini ikalia mara moja vibaya, ikazima. Nikabonyeza stata, ikasema tk. Imeshika. Na hii si ile ya kukaa, haina kiti cha kungojea msaada. Ikizima unailalia kama ubao. Nililala hapo nikiangalia hoteli zikiwa ndogo, bila simu, na hakuna mtu nimemwambia naenda wapi. Nilidhani nimeisha.

Mvuvi mmoja mzee ndiye alinifikia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chombo kimekufa?"

"Injini imeshika."

Akaliangalia lile bomba linavyong'aa. "Na kasia huna?"

Hilo swali bado linaniuma.

Tulipofungua injini, pistoni moja ilikuwa imechanika ubavuni. Sababu? Paipu ya petroli ilikuwa imekauka ikapasuka kwenye kiungo, ufa ambao huwezi kuuona bila kuikunja. Pampu ya petroli inavuta, lakini penye ufa inavuta hewa pia. Hewa ikizidi petroli, silinda inachemka. Na kumbuka hizi injini ni za mipigo miwili, oili inaingia pamoja na petroli. Petroli ikipungua, oili nayo inapungua. Kwa hivyo unaichoma na kuinyima mafuta wakati mmoja. Juu ya hapo nilikuwa nimebadilisha bomba bila kugusa jeti za kabureta. Hapo nilikuwa naomba msiba.

Sili za krenki zilikuwa zimechoka pia. Hizo ndizo muuaji wa kimya wa mashine za zamani, kwa sababu zikivuja zinaingiza hewa chini kabisa, mahali hata kabureta mpya haisaidii. Fundi aliyeniokoa alifunga matundu yote ya injini, akatia upepo kidogo tu, kama pauni 6 hivi, akakaa akaangalia geji. Sindano ikashuka. Akapaka maji ya sabuni, povu likatuonyesha pale pale. Kazi ya mchana mmoja. Nitajieni video moja ya hapa kwetu mmeona mtu akifanya hivyo. Mimi sijaona. Kelele ndiyo inapata watazamaji, geji haipati.

Sasa mtasema, sawa, injini ipone, lakini kwa mawimbi inayumba, haishiki, lazima iongezwe nguvu. Uongo. Yangu ilikuwa inapiga kelele na haiendi, nikafikiri ni ukosefu wa nguvu. Impela ilikuwa imeliwa na mchanga, na nafasi kati yake na ringi inayoizunguka imekuwa kubwa, maji yanarudi nyuma. Nikaweka ringi mpya, impela ikanyooshwa. Halafu ule wavu wa chuma chini, mahali maji yanaingilia, nikaweka wa aina inayochota maji. Ule wa zamani ukipiga wimbi pampu inameza hewa, unapoteza mshiko. Bushi za mkono wa usukani pia zilikuwa zimelegea, ukikata kona unaanza kucheza kabla mashine haijacheza. Hizo tatu zilinipa mashine nyingine kabisa, na injini ni ile ile.

Ah, na uzito. Ndani ya bodi kuna foma, kama ya godoro lakini ngumu, ya kuifanya ielee. Ikizeeka inanyonya maji na haiyaachii. Ukiona watu wawili hawawezi kuinyanyua vizuri, usinunue bomba. Unabeba bahari.

Kuna mtu ataniambia spea ni ghali na zinatoka nje. Ni kweli, sili na gasketi niliagiza nikangoja. Lakini zote pamoja, na paipu, na kiti ya kabureta, hazikufika nusu ya bei ya lile bomba. Hatukosi pesa, tunaanza na kile kinachoonekana kwa kamera. Oili ni hesabu ya shule ya msingi: nachanganya 40 kwa 1, lita 20 za petroli na nusu lita ya oili, nachanganya mwenyewe kwa mtungi. Na kuosha kwa maji matamu kila siku ukitoka baharini ni bure, ila ufuate mpangilio: washa injini kwanza ndipo ufungulie maji, na ufunge maji kabla ya kuizima. Ukigeuza, maji yanaingia kwa silinda.

Tena wale mnaopanda bila jaketi na bila kamba ya kuzima injini mkononi, ati inaharibu picha. Zile za zamani kabisa ziliundwa zizunguke polepole ukianguka, uzifuate ukiogelea. Hiyo ni nzuri kwenye ziwa tulivu. Jaribuni Mtwapa maji yakipwa.

Lile bomba bado ninalo, liko chini ya kitanda limefungwa na gazeti. Watu watatu wameniulizia bei. Nitaliuza, ila kuja na mashine yako, ufungue kifuniko, tukunje hizo paipu pamoja kwanza.