Ukurutu, Mzio na Kifua cha Mtoto Mchanga



Pepo za kaskazi zikianza kuvuma, mafua huhama nyumba hadi nyumba katika vichochoro vya Mji wa Kale. Kwa mtu mzima ni kero ya siku chache. Kwa mtoto mchanga, virusi hivyo hivyo, hasa vile viitwavyo RSV, huweza kushuka hadi kwenye vijia vyembamba kabisa vya mapafu. Vijia huvimba na kujaa makamasi, na kifua hulia mluzi. Maradhi haya madaktari huyaita bronkiolaitisi.

Mama ambaye mwanawe ana ukurutu, yaani pumu ya ngozi, huuliza: je, ngozi ndiyo iliyoleta kifua? La. Kinacholeta ni virusi, na mwenye ngozi safi huugua vilevile. Lakini ukurutu ni ishara kwamba mwili wa mtoto una mwelekeo wa mzio, aghlabu kwa kurithi. Mtoto wa namna hiyo, baada ya bronkiolaitisi, ni rahisi zaidi kifua chake kulia tena kila apatapo mafua, na baadaye kupata pumu. Si hukumu, wengi hupona kabisa. Hata hivyo, mweleze daktari habari ya ukurutu na ya pumu katika ukoo, bila kungoja kuulizwa.

Nyumbani tusijitibie. Antibiotiki haziui virusi, na dawa ya pumu ya kaka yake kwa kawaida haimsaidii mchanga katika ugonjwa huu. Asali, pamoja na baraka zake, asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi, na umsafishe pua kwa matone ya maji ya chumvi ya dukani. Siku ya tatu hadi ya tano ndizo nzito zaidi.

Na kinga? Utafiti uliofanywa katika nyumba za Kilifi na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wachanga wengi walioambukizwa RSV waliipata humo humo nyumbani, mara nyingi kutoka kwa ndugu zao wakubwa. Basi mwanafunzi arudipo shuleni au madrasa, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mdogo wake. Akiwa na mafua, asimbusu.

Liko pia jambo letu wenyewe: udi na ubani. Ni mila njema na nyumba hunukia, lakini moshi ni moshi, na mapafu ya mchanga hayatofautishi chetezo na sigara. Fukizeni chumba ambacho mtoto hayumo, madirisha yakiwa wazi. Ngozi yenye ukurutu nayo ipakwe mafuta mazito yasiyo na manukato; haludi na marashi yabaki kwa mama, mbali na kifua anacholalia mtoto.

Mkimbize hospitali, iwe Makadara au iliyo karibu, hata usiku wa manane, ukiona mbavu zikibonyea ndani, pua zikitanuka, midomo ikigeuka buluu, mtoto akishindwa kunyonya au pumzi zikisita. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, na 50 au zaidi hadi mwaka mmoja, ni hatari.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu. Amin.