Makelele Haya, Je, ni Debe Tupu?



Likizo iliyopita mpwa wangu, aliye mwaka wa tatu wa sekondari, alikaa kwangu hapa Busasamana. Jioni moja alifungulia muziki katika simu yake. Niliposikia magitaa yakikwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe ya volkano, na mtu akipiga mayowe, nilimwambia, "Zima hiyo! Debe tupu haliachi kuvuma." Akazima kwa adabu. Kisha akaniuliza, "Mjomba, umejuaje kuwa ni tupu?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimesikiliza na kuuliza, na haya ndiyo maoni yangu.

Yafaa kwanza tujue makelele haya yametoka wapi, maana mto haukosi chanzo. Bendi alizokuwa akisikiliza mpwa wangu zimekunywa katika vijito viwili. Cha kwanza chaitwa nyu metali. Mwaka 1994 vijana wa Korn, kutoka mji wa Bakersfield, California, walitoa santuri yao ya kwanza. Walipiga magitaa ya nyuzi saba, yenye sauti nzito ya chini, wakatia mdundo wa hip hop, na mwimbaji wao akapuliza zumari za Kiskoti. Walifuatwa na Deftones, Slipknot na Linkin Park, na dunia nzima ikawasikia.

Kijito cha pili ni roki ya makelele. Hicho ni cha zamani zaidi na hakikupata fedha nyingi. Sonic Youth na Swans walianza New York mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huko Chicago, Big Black walitumia mashine badala ya mpiga ngoma. Hawa walifanya mkwaruzo wenyewe kuwa muziki. Vijito hivi havikuwa mbali sana: Helmet wa New York, katika santuri yao Meantime ya mwaka 1992, walipiga mapigo mazito ya kukatakata ambayo wengi wa nyu metali waliyafuata baadaye.

Leo vijito hivyo vimekutana. Mfano mzuri ni Chat Pile, bendi ya Oklahoma City, iliyotoa santuri God's Country mwaka 2022. Ukisikiliza besi utawatambua Korn. Ukisikiliza gitaa utawatambua wale wa makelele. Walakini jina lao ni la kwao wenyewe. Ni jina la vilima vya kokoto zilizotupwa na migodi ya risasi na zinki katika jimbo lao. Mji wa Picher uliharibiwa na taka hizo hata watu wakahamishwa. Wimbo wao mmoja wawalilia watu wasio na nyumba. Basi sauti ni ya kuazima, lakini kilio ni chao.

Mtu atasema, hayo ni mambo ya Marekani, yatuhusu nini? Twende karibu. Mwaka 2020 vijana wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, walitoa santuri iliyoitwa Duma, kwa jina la bendi yao. Iliyoitoa ni Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Msomaji wa Kiswahili atafikiri habari ya mnyama mwenye mbio, lakini wao walikusudia giza, kwa lugha ya Kikuyu. Wametoka katika bendi za metali za Nairobi, wakachanganya mayowe yao na mashine za umeme. Mwaka 2024 Kanja, ajiitaye Lord Spikeheart, alitoa santuri yake mwenyewe, The Adept. Yeye ni kitukuu cha Muthoni Kirima, yule mama aliyepigana msituni katika vita vya Mau Mau hata akapewa cheo cha juu kabisa, akafariki mwaka 2023. Kanja alimkumbuka bibi huyo katika kazi yake. Je, hilo ni debe tupu?

Tena, nani aliyesema makelele ni mali ya wageni? Huko Kinshasa, Konono N°1 walifanya maikrofoni kwa sumaku za magari makuukuu, wakaziunga na likembe, ili wasikike katika kelele za mji. Likembe ikakwaruza kuliko gitaa. Mzee Mingiedi Mawangu, mwanzilishi wao, alichukua ngoma za asili za watu wake, Wazombo, akazileta mjini. Santuri yao Congotronics ya mwaka 2004 iliwashangaza hata wapigaji wa roki wa Ulaya na Marekani. Nasi Wanyarwanda tunayo ikembe, ndugu yake likembe. Wazee wa upande huu walipovisha vijiti vyake vipete vya chuma ili vivume, walijua kwamba sauti safi peke yake haitoshi.

Sisemi kila kelele ni njema. Mwaka 1999, katika tamasha la Woodstock huko Marekani, bendi kubwa za nyu metali zilipiga, na kabla ya mwisho watu waliwasha moto na wanawake walitendewa uovu. Siwalaumu wapigaji peke yao. Lakini hasira isiyojua sababu yake ni debe tupu kweli, na yaweza kuumiza.

Kwa hiyo, vijana, naomba neno moja. Kuazima si aibu. Aibu ni kuazima bila kujua umeazima kwa nani, kisha kulia machozi ya mwenzako. Mwezi wa Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, ardhi yetu ilitetemeka siku nyingi, na watu wa Goma wakavuka mpaka kwa maelfu. Kijana wa Rubavu aliyelala nje siku zile kwa hofu ya nyumba kuanguka ana mambo yake ya kupigia gitaa. Hana haja ya hasira ya kijana wa California.

Nanyi wazee wenzangu, kabla ya kusema "zima", ulizeni kwanza debe lina nini. Mimi nilichelewa kuuliza.

Mpwa wangu na rafiki zake wataka kuunda bendi, naye ameniomba nimsaidie kununua gitaa. Nimekubali kwa sharti moja: siku ya kwanza watakapopiga mbele yangu, anionyeshe lipi ameazima kwa Korn, lipi kwa Konono, na lipi ni la Busasamana. Akinionyesha hilo la tatu, nitavumilia makelele mpaka mwisho.